Inhela Iliyotupwa Motoni

Jumatatu, 3 Machi
Nimevuta inhela ya kahawia, dawa yangu ya pumu, nikasukutua, nikatema. Mwaka jana sikuwa nasukutua, ulimi ukaota utando mweupe. Kisha nikaketi kwenye cherehani. Kifua kimetulia. Mume wangu Kioko ananitazama tu. Eti mtu mzima havuti dawa kila siku kama bangi. Mama yake amemwambia steroidi zilizo ndani ya dawa hiyo ndizo zimefunga tumbo langu, nisishike mimba. Upumbavu.

Alhamisi, 6 Machi
Kioko ameitupa inhela ya kahawia ndani ya jiko. "Leo utapona," akasema. Nikanyoosha mkono niitoe, akanivuta kwa nywele. Mkebe ukalipuka. Makaa yakaruka hadi kwenye mabati. Moja limeniunguza shingo, jingine likampata shavuni. Akanizaba kofi, kana kwamba ni mimi niliyemlipukia. Namchukia. Nimeandika na sifuti.

Jumapili, 9 Machi
Bado napumua vizuri. Kioko anaona ameshinda. Hajui ile dawa si ya siku ya kubanwa, ni ya kuzuia siku hiyo isifike. Nguvu ya dawa inaisha mwilini polepole. Nimebaki na ya bluu, ya dharura. Duka la dawa hapa Mwingi hawana ya kahawia mpaka waletewe kutoka Kitui.

Jumatano, 12 Machi
Bluu asubuhi. Bluu mchana. Bluu tena. Inafungua kidogo, kifua kinabana upya. Daktari alinionya: ukifika hapo, njoo hospitali mbio. Nimemwambia Kioko. Amefunga geti kwa kufuli na kunipokonya simu. Naogopa.

Ijumaa, 14 Machi
Wodini.
Jana upepo ulileta vumbi la soko la mbuzi. Kifua kikajikunja kama ngumi. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Kucha zikageuka rangi. Nikapiga dirisha kwa pasi mpaka kioo kikapasuka. Halima, jirani anayeuza maziwa ya ngamia, akasikia. Alikuja na shoka, akavunja kufuli. Kioko akamkaba. Halima akamtandika mpini kwenye mkono. Nilisikia mfupa ukivunjika. Sikumhurumia.
Kwenye bodaboda, tukienda hospitali, Halima alinishika kiunoni akilia, "Mwende, vuta! Vuta dadangu, usiniache!"
Oksijeni. Sindano. Dawa ya mvuke. Nikarudi.

Jumanne, 18 Machi
Nimepewa ya kahawia. Daktari amerudia: kila siku, hata nikijisikia mzima, na nisiiache bila kumwambia. Kioko amekuja, mkono kwenye plasta. "Twende nyumbani, mama."
"Ulitaka nife," nikamwambia. "Twende polisi."
Akaondoka. Nilienda na Halima. Nikaandikisha yote.

Jumapili, 30 Machi
Mbooni, kwa dadangu Mbithe. Baridi. Ukungu haujaondoka kwenye maharagwe. Tulishuka mtoni kuteka maji, tukapanda tena kilima, kila mtu na mtungi wake. Katikati Mbithe aliketi kwenye jiwe, akihema.
Nikasimama, kifua kimetulia, nikamngoja.