Sekunde Zilizotupwa

Dada mpenzi,

Hatujambo, na paa halivuji tena. Lile shtaka kwamba nilipika takwimu za tetemeko limefutwa. Kumbe kituo cha pili cha kupimia matetemeko kinaandika saa na dakika tu, sekunde kinazitupa, nasi tunaziandika zote. Ndiyo maana tetemeko lilionekana kuwafikia wao kabla yetu, ilhali sisi ndio tulio karibu na chanzo.

Jana mkuu akatangaza, "Kuanzia leo, kila kituo kiandike hadi sehemu ya sekunde."

"Na mimi niliyeitwa mwongo?"

"Aa, rudi kazini bwana, yameisha!"

Radhi hakuniomba, nimemeza hivyo hivyo. Mwambie shemeji ile nafasi ya dukani ampe mwingine.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kazi yake.