Bomba la Frigo

Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Jumanne 12 Mei 2009

Shemeji Amani bado ananicheka. “Hii antena yako ni bomba ya frigo, Mama Neema, iko tupu ndani. Umeme itapita fasi gani?”

Itapita juu ya hilo bomba la jokofu. Sajini mmoja mstaafu kule Mbarara alinieleza: umeme wa mawimbi ya redio unatembea kwenye ngozi ya shaba, ndani hauingii. Utupu si shida. Shida ni mimi, niliunganisha ncha za bomba zikiwa na kutu.

Leo nimezisugua kwa majivu kama sufuria, mpaka vidole vikauma. Niliogopa itakuwa bure tena.

Jioni mchungaji wa kanisa letu kule Uvira, Kongo, akasikika redioni, sauti nyembamba: barabara ya kwetu imefungwa. Halafu akapotea.

Shemeji, ambaye mke wake yuko kule, hakucheka. Aliomba majivu, azisugue ncha tena.