Sproketi ya Meno Hamsini

Shoga, usicheke. Nimeiharibu pikipiki ya kaka, ile niliyokatazwa kuigusa, na anarudi Jumapili.

Cheni ilinikatikia njiani, nikaenda kimyakimya kununua cheni na sproketi mpya, lile gurudumu la meno linalozungushwa na cheni. Fundi wa dukani kanitolea ya tairi la nyuma yenye meno arobaini na mawili, sawa na ya zamani. Mimi nikaiona ya meno hamsini. Nikamwambia nipe hiyo, kubwa ndiyo yenye mbio.

"Dada, una hakika?"

Nikamjibu nimesoma fizikia chuoni. FIZIKIA, shoga.

"Haya, mwanafizikia." Akaifunga.

Kumbe ya nyuma ikiwa kubwa, mbio zinapungua! Sasa inalia kama mashine ya kusaga na haikimbii. Shangazi alikuwa anatembea kwa miguu, akanipita. AKANIPITA, kapu kichwani, halafu akarudi kuniuliza kama nimeishiwa mafuta.

Nikamwambia ukweli, nikamsihi asimwambie kaka. Akapanda. Yeye, anayeogopa pikipiki kuliko nyoka! Tumefika kwake anatabasamu.

"Hii ndiyo pikipiki ya watu wazima. Usibadilishe kitu."

Shangazi kanipigia sasa hivi. Eti hajanisema hata kidogo, kampigia tu kaka kumshukuru kwa kuipunguza mbio.