Karatasi ya Pili

Bertrams, 14 Septemba 2019

Yaya Célestine, dada yangu mkubwa,

Karatasi ya kwanza msomee mama. Hii ni yako peke yako.

Mdogo wetu Hénock alikuwa ananifundisha kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya C. Alisema maneno ya programu yana njia mbili za kutokea: moja ya majibu, nyingine ya makosa. Hata ukipeleka majibu kwenye faili, makosa bado yanakuja kwenye skrini.

Unisamehe, yaya, leo skrini ni wewe. Wiki jana wenye marungu wanaofukuza wageni walivamia duka letu la kushona, wakamuua Hénock. Tumemzika huku huku ugenini. Mama nimemwandikia kwamba Hénock amepata kazi mbali, hakuna simu. Salamu zake nimezitunga mimi.

Mama akitaka kumjibu, andika kila neno atakalosema. Usimkatize.

Mdogo wako,
Emery