Maneno ya Baraka ku Matanga

Bigo, Bunia

Papa mupendwa,

Jambo sana. Miguu inaendelea namna gani? Na mvua, imefika huko Boga? Siye huku tuko wazima mu mwili tu, moyo hapana.

Haukuweza kufika kuzika mujukuu wako Neema, basi mimi nakuelezea. Homa ilipomukamata, ndugu yangu Baraka alikuwa Irumu, ameenda kununua mihogo. Bibi yake, mama ya Neema, akapeleka mutoto mu chumba ya maombi. Pasta akakataza hospitali: wafunge kula, waombe tu. Baraka alirudi akakuta kilio.

Ku matanga, pasta akashika mikro, akasema Mungu alipenda mutoto, akamuchukua. Baraka akamunyanganya ile mikro. Bafle za sauti zilikuwa kubwa, Bigo yote ikasikia: "Mungu yako iko kiziwi! Hakuita mutoto wangu, ni weye ulimuua!"

Ee Papa, watu walishika kinywa! Kesho yake pasta akamushitaki, polisi wakamufunga. Ati ametukana dini ya watu, na sheria inakataza.

Muamuzi akamuuliza kama kweli alitukana Mungu. Akajibu: "Nilitukana pasta. Kama pasta ndiye Mungu, basi munihukumu." Watu wakacheka, hata polisi. Mimi nililia. Unajua kichwa chake, hajui kunyamaza.

Avoka anayemutetea anasema kila mutu ana haki ya kusema, na kila mutu ana haki imani yake iheshimiwe, na pale katikati wanaweza kubishana miezi. Baraka anakohoa, amekonda. Bugali na sombe ya majani ya mihogo ninapeleka, anagawia wengine.

Sasa pasta anasema ataondoa mashitaka, lakini Baraka asimame kanisani, aseme mu mikro kwamba Neema alikufa kwa mapenzi ya Mungu. Baraka amekataa. Nimemupigia magoti. Akaniambia: "Papa akiniamuru, nitasema."

Nilianza kuandika ili nikuombe umuamuru. Niko na ndugu mumoja tu, nataka atoke, asinifie mule ndani. Lakini weye ni katekista, umezika watoto wengi wa watu, na mimi maneno yamenishinda.

Unisalimie Mama, na shangazi anayewapikia, na jirani yetu muchunga ng'ombe. Mama asijue kwanza kama bibi ya Baraka hasemi tena na mutu.

Jibu upatie dereva wa pikipiki anayeleta hii. Nitalipeleka gerezani vile utaandika. Ila mbele ya kumuamuru Baraka, uniambie mimi, Papa: ni Mungu alitaka?

Binti yako,
Mapendo