Ndege Aliyoichagua Wilfredo

Jaro, Iloilo
Jumatatu, 11 Februari 2019

Mpendwa mdogo wangu Crisanto,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkeo Marilou na watoto wenu wawili, na kwamba baridi ya Winnipeg haijawang'oa masikio. Sisi huku hatujambo. Mama yetu Nanay ni mzima, ila goti la kulia linamsumbua akipanda ngazi za kanisa, na ole wake atakayemshika mkono. Sikukuu ya Bikira wa Candelaria imepita salama. Tulipika, tukala, tukagombana, kama kila mwaka.

Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu mtandao wako una tabia ya kukatika kila ninapofika mahali panapouma. Barua haikatiki. Nitaipiga picha nikutumie leo hii, maana posta yetu ingekufikishia mwezi wa sita.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema Nanay aje kwenu mwezi wa tano kwa ajili ya kipaimara cha binti yako Bianca, na kwamba umeona tikiti za bei nzuri za shirika la Almazar. "Lina nyota tano, Manang, na filamu mia nne." Crisanto, niliposoma jina hilo nilikuwa na kisu cha vitunguu mkononi. Shukuru Mungu kwamba ulikuwa ng'ambo ya bahari.

Huna habari, kwa sababu hatukukuambia. Wewe ulisikia tu kwamba Oktoba mimi na Nanay tulikwenda Roma wakati dada yetu Divina anapasuliwa, na kwamba tulichelewa kidogo kwa sababu ya hali ya hewa. Hali ya hewa ilikuwa njema kabisa. Sasa kaa kitako nikusimulie.

Dada yetu alijua tangu Agosti kwamba ana uvimbe tumboni, na madaktari hawakuwa na hakika ni uvimbe wa namna gani. Hospitali ikampa siku: Jumatano, tarehe kumi na saba, saa mbili asubuhi. Miaka kumi na tisa amewaogesha na kuwalisha wazee wa watu katika mji ule, wala hajawahi kutuomba kitu. Safari hii aliomba kimoja. Akifumbua macho baada ya kupasuliwa, amwone Nanay.

Na nani alichagua ndege? Shemeji yetu Wilfredo. Mwanamume ambaye majogoo wake wa kupigana wananenepa kwa jasho la mkewe, na ambaye kazi nzito kuliko zote anayoijua ni kufungua chupa ya bia. Aliwahi kwenda Ghuba miezi sita, akafukuzwa, na tangu hapo amekuwa profesa wa usafiri wa anga. Alikuja na daftari. Humo aliandika mashirika saba, na mbele ya kila moja idadi ya filamu, ukubwa wa kioo cha kutazamia, na kama mvinyo ni bure. Hakuandika popote kwamba abiria ni bibi wa miaka sabini na minne mwenye goti bovu.

Mimi nilikuwa nimeona shirika jingine, ghali kidogo, ambalo lingetupa masaa manne ya kubadilisha ndege. Akacheka mbele ya watu.

"Masaa manne ya kukodolea macho vigae! Manang Violeta, nyinyi mmezoea meli ya Bacolod, haya mambo niachieni mimi. Kwa Almazar mnashuka, mnatembea, mnapanda. Dakika hamsini na tano. Hata kobe anafika."

Nanay alinitazama. Mimi nimefundisha hesabu miaka ishirini na tisa, najua dakika hamsini na tano ni nini ukitoa foleni, ukaguzi na choo. Nikanyamaza, kwa sababu ni mume wa mgonjwa na alisema kwa sauti kubwa. Kwa hiyo katika dharau yote utakayoisoma humu, fungu langu nimejiwekea.

Manila tuliondoka tukiwa tumechelewa dakika arobaini. Wala hakuna aliyetuomba radhi. Tikiti tulizonunuliwa zilikuwa za daraja la chini ya daraja la chini, za wale ambao hata kukaa pamoja ni anasa: Nanay safu ya thelathini na moja, katikati ya wanaume wawili wenye mabega ya makuli, mimi safu ya hamsini na nane, mlangoni pa choo. Niliomba tubadilishiwe. Mhudumu, binti mwenye kofia ndogo iliyokaa upande kama kifuniko cha sufuria, alinijibu bila kusimama, "Ungechagua viti mapema." Nikamwambia mama yangu ni mzee. Akasema ndege nzima ina wazee.

Nilipita mara tatu kumwangalia Nanay. Mara ya kwanza alikuwa amebonyeza kile kitufe cha kuita mhudumu akiomba maji. Mara ya pili kitufe kilikuwa bado kinawaka. Mara ya tatu nikamletea mwenyewe, kwenye kikombe nilichokiiba jikoni kwao. Na zile filamu mia nne, Crisanto? Kioo chake kilikwama kwenye tangazo la Almazar lenyewe. Masaa tisa mama yetu alikaa, magoti yamebanwa kifuani, akitazamana na mwanamke anayetabasamu na kusema "Karibu nyumbani angani". Hakikuzimika.

Tulipotua pa kubadilisha ndege tulibakiwa na dakika kumi na sita. Nikamvua Nanay viatu, nikavitia kwenye mfuko wangu, tukakimbia. Mama yako alikimbia, Crisanto, peku, juu ya marumaru, mbele ya maduka ya saa za dhahabu. Tulifika langoni tukiiona ndege imesimama kule nje ya kioo, pua yake karibu kutugusa. Nyuma ya kaunta alikaa kijana mwenye nywele zinazong'aa.

"Mmechelewa," akasema.

"Tumechelewa? Tumekuja na ndege yenu!"

"Lango limefungwa. Nafasi nyingine ni Alhamisi."

Ilikuwa Jumanne. Nikamweleza habari ya Divina, saa mbili asubuhi, kila kitu. Akaniandikia namba ya simu ya huduma kwa wateja. Nikapiga pale pale mbele yake, na muziki ukapigwa masikioni mwangu nusu saa nzima, huku yeye akijisafisha kucha kwa ncha ya pasi ya mtu ya kupandia ndege.

Aliyetuokoa alikuwa mama mmoja wa kwetu, wa mkoa wa Antique, anayesukuma mopu katika uwanja ule. Alisikia Kiilonggo chetu akasogea taratibu, macho yakiwa sakafuni.

"Nanay, huyo mnayembembeleza hana mamlaka hata juu ya kiti anachokalia. Bwana wao yuko nyuma ya mlango wa buluu, anakunywa chai. Msigonge. Mkigonga atawaambia msubiri."

Nanay hakugonga. Unamjua: miaka arobaini ya kuuza samaki soko la Jaro haikumfundisha kugonga milango. Akaingia, akasimama mbele ya meza ya yule bwana, na akamwaga Kiilonggo chote alichozaliwa nacho. Mimi nilitafsiri nusu, nusu nyingine haitafsiriki mbele ya mtu aliyevaa tai. Bwana akaweka kikombe chini.

"Mama, kuna utaratibu."

"Muulize kama huo utaratibu wake una mama," Nanay akaniambia, "na kama unaye, analala wapi leo."

Sijui kama alielewa au alichoka. Tulipewa viti vya ndege ya Jumatano asubuhi. Chumba hatukupewa. Tulilala sakafuni, nyuma ya mtungi wa maua ya plastiki.

Hospitali tulifika saa tisa alasiri. Divina alikuwa ameingia chumba cha upasuaji saa mbili, peke yake, akatia sahihi karatasi zake mwenyewe. Muuguzi alitusimulia kwamba alipozinduka aliuliza mara mbili kama mama yake amefika. Mara ya tatu hakuuliza. Alifumbua macho akaona ukuta.

"Si kitu, Nay," alisema tulipoingia. "Mmefika."

Nanay alikaa mwisho wa kitanda, akamshika miguu, wala hakuiachia mpaka tulipofukuzwa. Namshukuru Mungu uvimbe haukuwa wa ile namna mbaya, na dada yako sasa amerudi kazini. Ila usinidanganye kwamba mambo yameisha vizuri. Kuna saa moja katika maisha ya mtoto wake ambayo mama yetu aliikosa kwa ajili ya filamu mia nne, na anaijua saa hiyo kama anavyojua siku aliyomzaa.

Tuliporudi, Wilfredo alitupokea uwanja wa ndege hapa, amechana nywele. Unajua aliuliza nini kwanza?

"Ee, na chakula chao je? Si nilisema?"

Nanay akafungua mkoba, akatoa kile kitambaa cha kufunika macho walichotugawia ndegeni, akamtia mkononi. "Zawadi yako. Jifunge ulale, ndiyo kazi unayoiweza." Tangu siku hiyo hajamsemesha. Na Wilfredo anawaambia majirani kwamba ni sisi tuliotembea polepole.

Almazar nao walituandikia. Hawakuomba msamaha, walitaka tuwape nyota. Nilitaka kuwapa sufuri, fomu ikakataa, kidogo kabisa ni moja. Kumbe hizo tano unazozisifu zimeanza kuhesabiwa hapo.

Baada ya yote hayo, wewe, mtoto wa mwisho, uliyesoma kwa samaki wa Nanay, unamtafutia kiti kwa watu hao hao. Na siamini kwamba ni ujinga tu. Ni uvivu. Umeangalia bei, ukaona picha ya mwanamke anayetabasamu, ukarudi kulala.

Nilimsomea Nanay ujumbe wako jana. Leo asubuhi akavaa gauni la kanisani, akaniambia nimpeleke kwa wakala wa safari karibu na hospitali. Nikadhani amekubali kuja. Nilifurahi hata nikamnunulia mkate wa biskocho njiani.

Binti wa pale anaitwa Arlyn, mpole, ana miwani. Akatandaza karatasi za mashirika, akaanza habari ya filamu. Nanay akamzuia kwa kiganja.

"Binti, hizo weka kando. Mpigie simu kila mmoja wao, hapa, nisikie. Waambie ndege imetuacha njiani. Tuone nani anaitika."

"Nanay, huwa hatufanyi hivyo."

"Basi leo mtaanza."

Arlyn akapiga. Wa kwanza, muziki. Wa pili, mashine inasema bonyeza moja, bonyeza mbili, bonyeza tano, halafu inaanza tena. Wa tatu walikuwa Almazar. Muziki mrefu, kisha sauti ikatushukuru kwa kuwachagua, na simu ikakatika.

"Umesikia?" Nanay akasema. "Kinashukuru halafu kinakimbia. Nina mkwe kama hicho."

Wa nne aliitika mtu. Mwanamke, ofisi ya Manila, sauti ya kuchoka. Nanay akamnyang'anya Arlyn simu akamwuliza, mkituacha njiani itakuwaje. Yule mama hakucheka. Akasema, "Tukikuacha ni kosa letu, Nay. Unapewa chumba na ndege ya kwanza itakayopatikana, hata kama ni ya wenzetu. Mimi naitwa Soledad, niko hapa mpaka saa kumi. Ukiwa na shida, niulizie kwa jina." Nanay akarudisha simu, akasema, "Hawa." Si shirika lile la kwangu, wala hawana nyota tano. Wana Soledad.

Arlyn akaanza kujaza. Nanay akataka kiti cha ujiani, chenye nafasi ya miguu, na masaa manne kamili ya kubadilisha ndege.

"Jina la abiria ni Leonora…?"

"Si mimi," Nanay akasema. "Andika Crisanto Salcedo. Kutoka Winnipeg kuja Iloilo. Nafasi ya miguu usisahau. Ana miguu mirefu, ila amesahau kazi ya miguu."

Nilimwambia, Nay, Crisanto ndiye aliyekualika wewe. Akajibu bila kunigeukia: "Aliyekuwa anaumwa nimeshamfuata mpaka kwake. Huyu ni mzima, aje mwenyewe."

Kisha akasema jambo ambalo hajawahi kulisema tangu baba yetu Tatay afe. Kwamba jeneza lilikaa sebuleni siku tisa badala ya tano likikusubiri wewe, na siku ya tisa wewe ulikuwa uso ndani ya simu, iliyoegemezwa kwenye kopo la maziwa. Arlyn aliacha kuandika. Miaka kumi na mmoja hujarudi, Crisanto, tikiti zimekuwa ghali kila mwaka, hata mwaka ule uliponunua gari.

Kiti chako kinashikiliwa mpaka Alhamisi, saa kumi na moja jioni ya huku. Namba ya nafasi nimeiandika nyuma ya karatasi hii, na upande huo pia nitaupiga picha. Kulipa ni wewe. Kipaimara kikiisha, mlete Bianca pia, amwone nyanya yake akiwa bado anasimama kwa miguu yake miwili.

Msalimie Marilou, mwambie ugomvi huu haumhusu yeye. Wabusu Bianca na Jomar. Divina anakusalimu kutoka Roma. Wilfredo hakukusalimu, alikuwa amelala.

Mungu akulinde njiani, na awe na watu kaunta.

Ni mimi dadako, ninayekupenda hata katika barua kama hii,

Manang Violeta

Nanay ameniona naandika, akauliza nimefika wapi. Nikamwambia nimemaliza. Ameingia chumba chako cha zamani na ufagio.