Kitambaa cha mama mkwe juu ya boksi la umeme

Rachida shoga, friza imekufa. Imekufa kabisa!!

Umeme ulikatika tangu asubuhi, umerudi sasa hivi kwa kishindo. Pah! Moshi nyuma ya friza, televisheni nayo kimya. Na samaki wote wa harusi ya wifi Awa wamo mle ndani.

Unakikumbuka kile kidude alichotufungia fundi Gildo, protetor, cha kuzuia umeme ukija kwa nguvu? Alituambia wote, mama mkwe akiwepo: "Kidirisha kikiwa cha kijani mko salama. Kikiwa chekundu kidude kimekufa, niiteni niweke kingine."

Mama mkwe akasema boksi la kidude linatia aibu sebuleni, wageni wa posa ya Awa wanakuja. Akalifunika kwa kitambaa chake cha kufuma. Kile chenye maua.

Nimekiinua sasa hivi. Kidirisha chekundu, Rachida. CHEKUNDU!

Nimempigia Gildo, yuko kazini kijiji cha Mute. Anasema lazima kidude kilikufa siku ya ile radi ya Ramadhani. Yaani siku ile kilituokoa, kikafa chenyewe, na sisi hatuna habari.

Mama mkwe kasimama mlangoni: "Si niliwaambia? Kidude hicho hakina faida yoyote." Na mume wangu anaitikia, "Ndiyo, mama."

Mimi nimwambie nini mama wa watu? Nimwambieje?

Kitambaa kimeingia moshi. Anakifua hapo uani. Anasema kikikauka nikirudishe palepale.